Jinsi ya kuishi siku moja ya mwaka 1912 hapo hapo nyumbani kwako (tulivyofanya sisi Tanga)

Umeme ulikatika siku moja toka asubuhi mpaka jioni, mtoto wangu wa pili akaniuliza, mama sasa watu wa zamani walikua wanafanya nini kutwa nzima? Nikamjibu walikua wanafanya kazi. Akauliza kazi gani, nikaanza kuhesabu, nikafika kwenye kutwanga nikaona mi mwenyewe nimewahi kushika mchi labda mara tano maisha yangu yote. Hapo ndo wazo likaja, kwamba badala ya kuwasimulia tuishi siku moja kamili kama walivyoishi watu wa hapa hapa Tanga zaidi ya miaka mia iliyopita. Tumeshafanya mara tatu sasa, kila likizo ya mwezi wa 12, ya kwanza tuliharibu vitu vingi, ya tatu imenyooka, kwahiyo naandika hapa hatua kwa hatua ili anaetaka kujaribu asianzie tulipoanzia sisi.

Jambo la kwanza kabisa, usiseme "zamani". Zamani ni pana mno, ndani yake kuna watu wa chuma na watu wa redio. Chagua mwaka na chagua mahali. Sisi tulichukua 1912 Tanga kwa sababu kuna mengi yanayojulikana, Mjerumani yupo, reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893 imeshafika Moshi mwaka 1911, mkonge unaenea kila upande (na mkonge wenyewe uliletwa 1893 na Mjerumani aitwae Hindorf, miche elfu moja iliagizwa toka Florida ikafika hai 62 tu, ikapandwa kule Kikokwe karibu na Pangani), vita bado, ile ya nyuki tunayosimuliwa (nyuki waliowavamia askari hapa Tanga) ni Novemba 1914. Kama uko Mombasa we chukua hata 1905, reli yenu imeshafika Kisumu toka 1901. Kama uko Kigoma mwaka 1912 treni bado haijafika, ilifika 1914, kwahiyo siku yako itakua ya miguu na mizigo kichwani. Unaona inavyobadilika, ndo maana mahali na mwaka ni lazima.

Jambo la pili na hili watu wengi wanaliruka, chagua wewe ni NANI katika huo mwaka. Mara ya kwanza sisi hatukuchagua, tukajiona tu "familia ya zamani", tumekaa barazani kwenye mkeka na kanzu nyeupe na kahawa. Shangazi yangu, mtu wa miaka themanini na kitu, akatutazama akauliza, "na maji ya hiyo kahawa kachota nani?" Swali zito hilo. Mwaka 1912 hapa kwetu utumwa ulikua bado haujafutwa, Wajerumani walichofanya ni kutoa amri ya 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 ni huru, wazazi wao wakabaki vile vile, kufutwa kabisa ni Mwingereza mwaka 1922. Kwahiyo yule muungwana wa barazani na kanzu yake iliyonyooka, maji yake yalibebwa na mtu, unga wake ulitwangwa na mtu, na mtu huyo hakulipwa. Baada ya hapo tukaweka sheria moja ya nyumba, siku ile hakuna anaekaa barazani mpaka kazi iishe, na dada wa kazi anapewa likizo ya siku hiyo na anakwenda kwao na nauli mkononi. Nakusihi uiweke sheria hii, maana bila hivyo utakachofanya ni kumwongezea dada kazi mara tatu huku nyie mnapiga picha.

Sasa kabla ya siku yenyewe, tafuta mzee. Wiki mbili kabla inatosha. Mzee wa miaka 85 leo baba yake anaweza kua kazaliwa kwenye 1905 hivi, yaani unaongea na mtu aliyelelewa na watu wa siku ile, hiyo ni hazina na inapungua kila mwaka. Usimuulize "zamani ilikuaje", atakujibu ilikua nzuri, watu walikua na adabu, basi imeisha. Muulize vitu vya mikono. Bibi mzaa mama yako alikua anachota maji wapi, wanakwenda wangapi, mtungi unakaa wapi ndani, moto ukizimika mnafanyaje, chumvi inatoka wapi, kanga ya kwanza alinunuliwa na nani. Na ukitaka kujua miaka usidai tarehe, watu walihesabu kwa matukio, muulize baba yake alizaliwa kabla ya vita ya Mjerumani au baada, alikua anatambaa au anachunga mbuzi wakati wa ile homa kubwa ya 1918, ile nyota yenye mkia ya 1910 alisimuliwa na nani. Weka simu irekodi, kwa ruhusa yake. Hiyo simu itumie wiki hii kwa sababu siku yenyewe haitatumika.

Vitu vya kutafuta: kinu na mchi (miwili kama kuna wa kupishana nae), ungo, chekeche, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, chungu kimoja kikubwa na kimoja cha mboga, mwiko, upawa, mtungi wa maji na kata yake ya kifuu, mawe matatu ya mafiga, kuni, mkeka, kawa la kufunikia chakula, na kibatari. Usinunue vyote. Azima. Nusu ya hivi sisi tulipata kwa majirani, viko stoo vimeegemea ukuta, na kila tuliyemwazima alikua na la kusimulia kuhusu kinu chake. Chungu kipya kikaze kwanza, yaani kipake mafuta kidogo, weka maji na makapi ya mchele kichemke taratibu, ukikipeleka kwenye moto mkali siku ya kwanza kinapasuka, chetu cha kwanza kilikufa hivyo na mboga ikamwagikia majivuni.

Usiku wa kuamkia: zima simu zote isipokua moja, hiyo moja ijae chaji iwekwe kabatini kwa ajili ya dharura, mtoto akiugua usiku hatuchezi 1912. Friji iache inawaka kama ina dawa au nyama, hatukuja kuharibu chakula. Taa, feni, televisheni, gesi, bomba la maji, vyote vinafungwa. Saa ya ukutani tuliigeuza ikatazama ukuta. Na lazima ulaze nafaka au makopa yako tayari, ntaeleza chini.

Moto ndo wa kwanza asubuhi. Viberiti vilikuwepo madukani 1912 ila si kila nyumba ilikua inavitumia hovyo, moto ulihifadhiwa, unafukia kaa la gogo gumu kwenye majivu usiku na asubuhi unalifukua unapuliza. Jaribu hivi, chagua kipande kinene cha mkwaju au mwembe kilichoshika moto vizuri, kifukie majivu mengi, saa 11 alfajiri kifukue uweke makumbi makavu ya nazi na upulize chini chini. Mara mbili tulishindwa, ya tatu ilishika. Ukishindwa fanya walivyofanya, mtume mtoto kwa jirani akapalie moto kwenye kifuu au kigae. Ndo maana mpaka leo mgeni akija akisimama mlangoni na kutaka kuondoka papo hapo anaulizwa "kwani umekuja kupalia moto?", watoto wangu walikua wanausikia huo msemo kwa bibi yao hawajui umetoka wapi, siku ile mwanangu kakimbia na kaa kwenye kigae akafika likiwa karibu kuzimika akaelewa mwenyewe kwa nini wa kupalia moto hakai kuongea. (Mtoto mkubwa tu hapo, si wa miaka mitano, na viatu mguuni.)

Maji. Hapa ndo siku yenu itaelemea. Tafuta kisima cha jirani au bomba la mtaani lililo mbali kidogo na nyumba, sisi tulitembea kama dakika saba kwenda. Kabla hamjaanza, kila mtu akadirie nyumba itamaliza ndoo ngapi na muandike kwenye karatasi. Mwanangu mkubwa aliandika tatu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ndoo yenyewe juu, kichwani unaihisi mpaka kwenye visigino, na ukitaka kujua mtu hajazoea angalia mgongo wake umelowa. Tuko watu watano, kwa kupika, kunywa, kuosha vyombo, kutawadha, kuoga kwa kopo na kufua nguo chache tulimaliza ndoo tisa, tisa mara kwenda na kurudi, na hapo tulikua tunabania. Mtoto aliyeandika tatu ndo alibeba ya tisa. Toka siku ile hakuna mtu kwangu anaepiga mswaki bomba linatiririka na sijawahi kumwambia mtu.

Maji ya kunywa yachemsheni nyie, hapo tusiwaige wazee, kisha yapoze na yamwagwe kwenye mtungi. Mtungi wa udongo ukae kivulini penye upepo juu ya mchanga mbichi, unatoa jasho nje na ndani maji yanapoa kabisa, mchana wa Tanga wa Disemba mnaujua, yale maji ni matamu kuliko ya friji na nasema hivyo kwa kumaanisha. Na hata debe tunalolitaja kila siku nalo ni mtoto wa miaka ile, mafuta ya taa yalikua yanakuja kwa meli kwenye makopo makubwa ya bati, watu wakimaliza mafuta wanachotea maji, wanapimia nafaka, wanaezekea hata vibanda.

Haya chakula. Chai na mkate visahau, chai ya kupandwa kibiashara huku Usambara imekuja kushika miaka ya ishirini, 1912 nyumba ya kawaida asubuhi ni uji, au kiporo cha jana, au muhogo wa kuchemsha, wenye uwezo kahawa. Utamu ni asali au sukari guru, na sukari guru ya bonde la Pangani ilikua inajulikana mpaka Unguja. Tafuteni sukari guru mtie kwenye uji wa mtama, watoto watawauliza kwa nini hamkuwapa siku zote.

Mchana ni ugali, na ugali wa 1912 kwa watu wengi wa huku sio huu mweupe wa sembe, ni wa mtama au wa muhogo, huu wa muhogo sisi wa Tanga tunauita bada. Kama ni mara yenu ya kwanza anzeni na bada, nawashauri kwa moyo wote, maana mahindi ya kutwanga ni kazi ya siku tatu, unakoboa, unaloweka, unaosha, unatwanga tena, unaanika. Makopa yakiwa makavu vizuri yanavunjika haraka. Ila nunua kwa mtu unaemjua na ni muhogo mtamu uliokauka sawasawa, muhogo mchungu usiotayarishwa una sumu, hilo si la kubahatisha. Yavunjevunje kwanza kwa mkono, tia kinuni robo tu ya kinu usijaze, mchi unyanyue kwa mabega na uuachie ushuke kwa uzito wake, usiusukume. Shangazi alitusahihisha hapo, sisi tulikua tunasukuma kwa mikono na baada ya dakika kumi malengelenge, yeye anaunyanyua anauachia, anaunyanyua anauachia, na kila ukiwa juu anapiga kofi moja dogo mikono inapumzika. Mkiwa wawili mnapishana, wako unapanda wa mwenzio unashuka, na hapo bila wimbo mtagongana, sasa nikaelewa zile nyimbo za kutwangia hazikua burudani tu ni kama saa ya kazi. Kisha chekecha, chenga zinarudi kinuni. Unga wa kulisha watu watano ulituchukua saa moja na zaidi kwa zamu, na hiyo ni makopa, mepesi kuliko nafaka zote.

Kama mnatumia mtama, nyunyizia maji kidogo sana ukiwa kinuni, twanga pole pole maganda yatoke, peta kwenye ungo, rudia mpaka uwe safi ndo utwange wa unga. Kupeta kuna ufundi wake, ungo unarushwa kwa mbele na kuvutwa kidogo upate upepo, pumba zinatangulia mbele nafaka inabaki, mara ya kwanza tafadhali petea juu ya mkeka maana nusu ya chakula chenu itakua chini.

Nazi. Kuna hii tabia sasa ya kununua tui la pakiti ama kusaga nazi kwenye blenda, siku ile mnakaa kwenye mbuzi. Vunja nazi ikiwa imekauka, kuna kuanzia pembeni kwa kuzungusha sio katikati, ukifika kwenye gamba jeusi acha, ukiendelea tui linakua kijivu na chungu. Machicha ya kwanza tia maji kidogo ya vuguvugu, kamua kwenye kifumbu kwa kukipinda, hilo la kwanza zito weka pembeni, ongeza maji kamua tena na tena, haya mepesi ndo yanayopikia samaki mwanzo, lile zito linaingia mwisho na ukishalitia usiache kukoroga mpaka lichemke la sivyo linakatika. Machicha yaliyobaki wape kuku. Vifuu ni kata na upawa, makumbi ni moto na ni dodoki la kusugulia sufuria pamoja na majivu au mchanga. Siku nzima tumepika, tumekula, tumeosha, na taka iliyobaki ya kutupa ilikua kiganja kimoja. Siku ya kawaida kwangu ni mfuko mzima wa plastiki.

Tulikula saa 9 alasiri. Chakula cha mchana saa tisa, na tuliamka saa 11. Mume wangu aliyekua anasema kupika ni kazi ndogo alinyamaza kimya anakula, halafu akainuka kuosha vyungu bila kuambiwa.

Kwenye nguo sikuweka nguvu sana. Kanga zipo, misuli ipo, kanzu ipo. La kuwaambia watoto ni kwamba kitambaa kilichokua kinavaliwa na watu wengi kilikua ama kaniki nyeusi ama merikani, na merikani inaitwa hivyo kwa sababu ilianza kuja toka Marekani kwa merikebu za biashara huko nyuma. Na kwamba yale maneno ya kwenye kanga kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtu alikua na nguo mbili tatu, sio kabati. Kila mtu achague mbili za siku nzima na azifue mwenyewe.

Pesa watoto wanaipenda sana, msiiruke. Mwaka 1912 hapa ni rupia ya Mjerumani, rupia moja ni heller 100 (kabla ya 1904 ilikua pesa 64), na hilo neno hela unalolitumia kila siku limetoka hapo hapo kwenye heller, kama shule ilivyotoka kwao. Tengeneza sarafu za karatasi ngumu, mpe kila mtoto rupia 5, kisha jioni mjumbe apite kudai kodi, rupia 3 kwa kila mwanamume mzima. Ukikosa unakwenda kufanya kazi. Kule milimani Wilhelmstal, yaani Lushoto ya sasa, toka 1907 kila mwanamume alipewa kipande akawa anatakiwa kufanya kazi kwa walowezi siku 30 kila miezi minne. Mwanangu wa kwanza alikua kashatumia hela zake kwa "kununua" sukari guru toka kwa dada yake, mjumbe (mjomba wao) alipofika hana, akapewa kazi ya kufyeka uani. Alilia kidogo. Sikumkatisha, ila usiku nilikaa nae nikamwambia kuna mzee wa mzee wake aliyetoka kwao ndani ndani kuja kukata mkonge kwa sababu ya rupia tatu kama hizo, na ndo maana sisi tuko Tanga.

Mawasiliano nayo yapangie zoezi. Chagua jambo moja la kweli mnalotaka kumwambia ndugu anaekaa mtaa mwingine. Hakuna simu, mtume mtoto na ujumbe wa mdomo, sentensi nne, asiandike. Aende, aseme, arudi na majibu. Wetu alikwenda dakika 40 kwenda na kurudi, na alirudi na majibu mawili kati ya manne ila amerudi pia na maembe na habari kwamba binamu yake anaumwa jino, hizo habari kwa simu tusingezipata kwa sababu tusingeuliza. Anaeweza kuandika barua aandike, na salamu ziwe nusu ya karatasi kama zilivyokua, wazee waliandika kwa herufi za Kiarabu na wanafunzi wa shule ya Mjerumani hapa Tanga kwa herufi hizi zetu, huko ndiko likachapwa gazeti la Kiongozi ambalo watu walikua wanaliandikia barua toka kila pembe ya nchi. Taarifa ya mji mzima ilikua mbiu, mtu anapita na pembe watu wanatoka nje. Na safari, waonyeshe kwenye ramani, Tanga mpaka Pangani ni kilomita hamsini na kidogo, leo tunalalamika gari ikichelewa nusu saa, kwa miguu na mzigo hiyo unalala njiani.

Jioni, kibatari. Kiwekeni juu mbali na pazia na mbali na mikono ya wadogo, dirisha wazi, na mtu mzima mmoja asilale mpaka kizimwe. Mwanga wake ni mdogo kuliko unavyokumbuka, unatosha uso wa mtu na sahani. Hapo mtaona jambo ambalo sikulitegemea, watu wote wanasogea. Siku ya kawaida saa mbili usiku nyumba yangu ina watu watano kwenye vyumba vinne, kila mtu na mwanga wake mkononi. Siku ile tulikua kwenye mkeka mmoja kwa sababu mwanga ulikua mmoja. Shangazi akatoa hadithi, "paukwa", watoto "pakawa", na yule mdogo alilala kabla sungura hajafika kisimani.

Sasa niseme yasiyofaa kuigwa, maana kuna watu wakisoma haya watasema turudi kule. Mimi sirudi. Mtoto wa miaka ile alikua anaweza kufa kwa ndui, na waliopona walibaki na makovu usoni maisha yote, leo ndui haipo duniani, mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikua Merka Somalia mwaka 1977. Funza wa miguuni alikua amefika kwetu miaka michache tu kabla, katoka Brazil akashukia Angola 1872 akavuka bara lote, watu wakapoteza vidole. Homa ya malaria mtu analala nayo kwenye mkeka. Mama anajifungua na mkunga na dua. Kwahiyo siku yenu chandarua kiwepo, dawa za watu ziendelee kama kawaida, moshi wa kuni usiwe ndani chumba kimefungwa, mwenye pumu apikiwe mbali, mjamzito asibebe ndoo. Shangazi alipomaliza kutufundisha kutwanga alikaa chini akafunua mkono, bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, akasema hili ni la mchi. Alianza ana miaka saba.

Mwisho wa siku kila mtu aandike au aseme mambo matatu: kazi gani ilikuchosha zaidi, kitu gani ungependa kibaki, na nani leo anaifanya hiyo kazi badala yako. Hilo la tatu msiliache. Kwetu majibu yalikua mashine ya kusaga, bomba la idara ya maji, jiko la gesi, na "dada". Dada aliporudi kesho yake asubuhi alikuta vyungu vimeoshwa vimepangwa na kinu kimefunikwa, na mwanangu wa kwanza akamwuliza kwao wanachota maji wapi. Akamwambia mtoni, kwenda na kurudi nusu saa, mama yake bado anachota mpaka leo. Tukakaa na hilo. Likizo hii inayokuja tumepanga tusifanye siku ya 1912, tunakwenda kwao.